Mkono Usiotulia

Baba yangu hajawahi kuisifia picha yangu hata moja. Sitanii. Nimepiga watoto wachanga, nimepiga mabibi harusi, nimepiga wazee wenye ndevu nyeupe mpaka kifuani, na kila nikimpelekea karatasi ikiwa bado mbichi anaisogeza huku na huku, anasonya, kisha anasema, "Si mbaya." Akisema "si mbaya," ujue umefaulu mtihani. Siku nyingi hata hapo hafiki. Husema tu, "Umetikisa tena."

Na kweli ninakuwa nimetikisa.

Kwa asiyeijua kazi yetu, ni hivi. Mkanda wa picha nyeusi na nyeupe unasafishwa ndani ya kopo lililofungwa, lisilopitisha mwanga. Unamimina dawa, unalipindua kopo taratibu, unaliweka mezani, unaliacha. Baada ya muda unalipindua tena, unaliacha tena. Kule kuliacha ndiyo kazi yenyewe. Ukiliacha vizuri, picha inatoka na mambo yake yote: shati jeupe na mikunjo yake, shavu na kivuli chake, mvi moja moja. Ukilisumbua, dawa inaula weupe mpaka unageuka chokaa, weusi unabaki masizi, na katikati hapana kitu. Mimi siwezi kuliacha. Kopo likiwa mezani na mkono wangu ukiwa hauna kazi, hao wawili watakutana tu. Nitalipindua, nitaligonga, nitaliweka, halafu nitalishika tena kwa sababu nimeliona limekaa pale linaniangalia.

"Debe shinda haliachi kutika," Baba husema akipita mlangoni. Simuulizi kama anasema kopo au anasema mimi.

Jina aliloniita tangu utotoni ni Kiherehere, na mtaa mzima umelichukua. Chakula nakula nimesimama. Nikiongea na simu nazunguka nyumba. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nilimpiga mateke tumboni mpaka majirani wakadhani ni mapacha. Nimefikisha miaka arobaini na kitu nikingoja utulivu unijie, kama watu walivyoniahidi, na haujapiga hodi.

Studio yetu ni chumba cha mbele cha nyumba. Hapo napiga picha za vitambulisho kwa kamera ya kisasa. Unakaa, unanuna, unaondoka na masikio yako yote mawili yakionekana. Nyuma, baada ya jiko, ndipo kilipo chumba cha giza, na humo ndimo roho ya Baba ilimo. Rangi zilipokuja alikataa kukibomoa. Simu zilipokuja akakataa tena. Siku hizi watu wamezikumbuka picha nyeusi na nyeupe, wanakuja na mikanda yao, na Baba anatembea kifua mbele kana kwamba ni yeye aliyewaita.

Basi macho yake yalianza kuondoka, na hakutuambia.

Aliyemkamata ni Shangazi, dada yake mkubwa, tunayeishi naye. Asubuhi moja alimwona akimimina chai pembeni ya kikombe, kwa utulivu kabisa, mpaka chai ikatambaa mezani na kumwagikia gotini.

"Heh!" Shangazi akasema. "Mdogo wangu, siku hizi chai unainywa kwa goti?"

Baba akacheka. Mimi nilikuwa jikoni, na kile kicheko kilinichoma, maana nilikumbuka siku chache nyuma alivyoishika picha ya mteja juu chini, akaitazama weee, kisha akasema, "Umetikisa." Nilidhani ni mzaha wake.

Daktari wa macho alikuwa dada mmoja asiyejua kupamba maneno. Akasema ni presha ya macho, imekaa muda mrefu kimya kimya. Lililokwenda limekwenda. Jicho la kushoto limeshafunga. "La kulia tutalibembeleza kwa matone," alisema, "lakini sitawadanganya, nalo linaondoka."

"Litaondoka lini?"

"Haliendi kwa kalenda. Linaweza kukaa, linaweza kuamka siku moja limezima."

"Sasa wewe umesomea nini, kama hata hilo hujui?"

Shangazi akanifinya. Baba akageukia upande ambao sauti ya daktari ilikuwa imetokea, akasema, "Msamehe, mama. Huyu alianza ugomvi tumboni." Daktari akatabasamu, nami nikatoka kwenda kuzunguka jengo zima la hospitali, huku najiambia nikirudi nitakuwa mtu mzima. Nilirudi nilivyo.

Nyumbani nilimbana. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nami nilikuwa nakunja nguo, nazikunjua, nazikunja tena.

"Baba, niambie kweli. Unaona nini?"

"Tundu la ufunguo," akasema. "Mtu akikaa, namtafuta kwa tundu langu. Rangi zimeondoka bila kuaga, sasa nashika pale cheusi kinapokutana na cheupe. Dada namjua. Naanza na kitambaa chake, nashuka kwenye paji la uso, nafika puani, yumo."

"Na mimi?"

Akapangusa goti lake kana kwamba ile chai ingali pale.

"Wewe ndiye taabu," akasema. "Nikipata sikio lako, umeshakwenda jikoni. Nikipata kidevu, umeinama. Ni mwaka sasa sijauona uso wako mzima, Kiherehere. Nasikia viatu tu."

Mwaka! Mwaka mzima nimepita mbele ya baba yangu na sahani, na ndoo, na makelele yangu, na yeye ananiwinda kwa tundu la ufunguo, na hasemi. Nikatupa nguo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti kwa magoti.

"Haya. Niangalie. Sisogei."

Akanishika kidevu, akasogeza uso wake karibu, karibu sana, mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake. Nilijitahidi, haki ya Mungu nilijitahidi. Kwanza mguu ukaanza wenyewe. Kisha nikawashwa shingoni. Kisha machozi yakanijia na nikageuza uso ili asiyaone, kana kwamba angeyaona.

Akaniachia. "Acha, mwanangu. Nipe picha. Picha haina pa kwenda. Kubwa, nyeusi na nyeupe, niishike dirishani nikutafute polepole. Nataka nikuone mara moja tu, nikuweke humu," akagonga paji la uso wake kwa kidole, "halafu hili jicho lifunge litakavyo."

Sikulala vizuri tangu siku hiyo, na wala sikumwacha mtu mwingine alale. Nilitaka picha ile iwe bora kuliko zote zilizowahi kutoka katika nyumba hii. Nikayafuata yote aliyonifundisha, yale yaliyokuwa yakiingia sikio hili na kutokea lile. Dirisha nikalifunika shuka jeupe ili mwanga uje laini. Ukutani nikatundika blanketi la kijivu. Uso nikaupaka mafuta kidogo tu, usije ukang'aa kama sufuria. Kamera nikaisimamisha kwenye miguu yake mitatu, Shangazi nikampa ule waya wa kubonyeza, nami nikakaa nimeikalia mikono yangu yote miwili.

"Tulia," Shangazi akasema.

"Nimetulia."

"Hiyo midomo inayonijibu ni ya nani?"

Tulimaliza mkanda mzima. Kwenye chumba cha giza nilijua adui yangu ni nani, kwa hiyo nilimweka Shangazi alilinde kopo kama mtu anavyomlinda samaki na paka. Kila mkono wangu ulipojongea, akauchapa. Nilipindua pale tu aliponiruhusu. Nilitembea kutoka mlangoni hadi ukutani, na chumba chenyewe ukipiga chafya umekigonga. Nilitaka kulia kwa ule ukimya wa kopo.

Picha ilipotoka, jamani, sikuamini kuwa ni mimi. Ilikuwa na kila kitu. Kijivu cha shavu kiliteleza kwenda kwenye kivuli bila kuaga, kope zilihesabika, hata kile kikovu changu cha nyusi kilikuwepo, kidogo na cha adabu. Shangazi alijifuta macho kwa upindo wa nguo. "Mama yako angeiona hii," akasema.

Nikampelekea Baba. Akaenda nayo dirishani, akaisogeza mpaka ikakaribia kumgusa pua, akaanza kuitembeza: juu, chini, kushoto, kulia. Akafanya hivyo muda mrefu. Nilisimama nyuma yake nikiuma kucha.

"Nzuri," akasema.

Moyo ukanipasuka paa! Baba hasemi "nzuri."

"Nzuri sana," akaongeza. "Na umetabasamu vizuri."

Sikuwa nimetabasamu. Katika picha ile nimefunga mdomo kama mtu aliyemeza ndimu.

Ningeweza kunyamaza. Mtu mwenye busara angenyamaza, angemwachia mzee uongo wake wa upendo na angekwenda kulia chooni. Mimi nilipiga meza.

"Baba, hapo sikutabasamu! Mbona unanidanganya?"

Mabega yake yakashuka. Aliiweka picha mapajani kwa uangalifu, akapapasa kingo zake.

"Ni ukungu, mwanangu," akasema. "Naona karatasi. Najua umo ndani. Nimekutafuta kila mahali, sikupati."

Siku zilizofuata nilikuwa si mtu wa kuishi naye. Niliikuza ile picha mpaka ikawa kubwa kama mlango wa kabati. Akaona ukungu mkubwa. Niliitoa nyeusi zaidi, akaona jioni. Niliitoa nyeupe zaidi, akaona uji. Mteja mmoja aliniambia picha yake ya kitambulisho haijamtendea haki, nikamjibu kwamba uso ndio haujaitendea haki picha, na Shangazi akalazimika kumfuata hadi barabarani kuomba radhi. Kila asubuhi nilikwenda kwanza kwenye kiti cha Baba, nikapunga mkono mbele yake bila kusema kitu, na kungoja. "Nakusikia unavyonipepea," alikuwa akisema, na hakusema ananiona, wala mimi sikuuliza.

Kisha ikaja siku ya kusafisha chumba cha giza. Baba hataki mtu amfanyie. Anajua kila kitu kilipo kwa mikono yake. Niliwasha taa kubwa, nikawa naosha sinia za dawa, yeye anapangusa rafu. Rafu zenyewe nimezitandika picha zangu zilizoharibika, za miaka yote, maana karatasi ile ni ngumu na haipitishi maji, na kutupa ni dhambi. Alishusha chupa, akainama, akasogeza pua karibu na ubao. Akakaa hivyo.

"Nani kamweka dada huku ndani?" akauliza. "Na mbona kanuna hivyo?"

Nikadhani Shangazi ameingia. Nikageuka, hapakuwa na mtu.

"Yuko wapi, Baba?"

"Si huyu hapa!" Akagonga rafu kwa kidole.

Nikasogea, sinia inadondosha maji miguuni kwangu. Ilikuwa picha ya Shangazi niliyoipiga nilipokuwa najifunza, amesimama mlango wa nyuma jua la utosini, na kopo lake nadhani nililitikisa mpaka majirani wakasikia. Kitambaa chake kilikuwa chokaa tupu. Uso nusu masizi, nusu unga. Siku ile Baba aliitazama akasema nimepiga picha ya mwiko uliofungwa kitambaa, na Shangazi hakusema nami wiki nzima.

Niliweka sinia chini. "Kitambaa kakifungaje?"

"Fundo liko mbele. Ncha moja imesimama." Kidole chake kilikuwa juu ya ile ncha. Kikashuka. "Pua hii hapa. Na midomo kaivuta, anataka kukutukana. Usimwambie nimesema."

Nilimtazama baba yangu. Jasho lilikuwa limemtoka puani, na jicho lake la kulia lilikuwa linatembea juu ya ile takataka ya chokaa na masizi, linakwenda na kusimama, linakwenda na kusimama, kama mtu anayesoma.

"Shangaziii!" nikapiga kelele. "Njoo! Njoo na kamera!"

Hatukuweka shuka, hatukuweka blanketi. Jua lilikuwa kali uani na nilikaa kwenye kigoda mlango wa nyuma, upande mmoja wa uso juani, upande mmoja ndani ya nyumba. Shangazi akaipanga kamera huku akilalamika kwamba mchana wa namna hii hata mbuzi hapigwi picha. Waya wa kubonyeza alipewa Baba.

"Tulia," akasema, kwa mazoea.

"Jua hili halihitaji nitulie. Bonyeza tu!"

Akabonyeza, akabonyeza, nami nikaongea muda wote, nikamfukuza inzi, nikamjibu Shangazi, machozi yananitoka kwa mwanga. Mkanda ukaisha.

Tukaingia chumba cha giza, mimi na Baba, tukazima taa zote. Kuuingiza mkanda ndani ya kopo ni kazi ya giza totoro, na humo Baba hana upofu. Mimi ndiye niliyegonga goti kwenye ndoo. Nilisikia vidole vyake vikiuvingirisha mkanda bila haraka, kama zamani. Nikasikia mfuniko ukifunga. Nikawasha taa, nikamimina dawa, na mkono wangu ukasimama hewani, kwa sababu hapo ndipo miaka yote anaposema "acha."

Alilichukua kopo, akanitia mikononi.

"Tikisa," akasema.

Nililitikisa lile kopo. Nililitikisa kwa mwaka mzima wa kusikiwa viatu tu, nililitikisa kwa yule daktari na kalenda yake, kwa Mama, kwa ile "nzuri" ya uongo. Nililipindua, nikaligonga mezani, nikalipindua tena, sikuliacha hata kidogo. Nililia kwa sauti na Baba hakuninyamazisha. Alisimama mkono wake begani kwangu, anatikisika pamoja nami.

Nikaitoa kwenye karatasi kali kuliko zote tulizokuwa nazo, ile inayotenga weusi na weupe bila huruma. Ilipojitokeza chini ya taa nyekundu, ile isiyoharibu karatasi, nilitaka kuizamisha. Aibu tupu! Nusu ya uso hakuna, imezama kwenye wino. Nusu nyingine imeungua. Nywele bonge moja. Tundu la pua kama shimo la panya. Kope hakuna, kikovu hakuna. Mwanafunzi angeniletea picha ile ningemwambia akajaribu useremala.

Baba hakungoja ikauke. Alikwenda nayo dirishani ikidondosha maji mpaka kwenye viatu vyake, akaisogeza puani, akaanza kuitembeza. Juu. Chini. Shangazi alisimama mlangoni ameziba mdomo kwa mkono.

Karatasi ikasimama.

"Mbaya," akasema.

Nikamsogelea hatua moja.

"Mbaya sana hii. Umeiua." Sauti yake ilikuwa imepanda, imekuwa nyembamba. "Mbona umefumba jicho moja?"

"Jua, Baba," nikasema. "Jua lilikuwa kali."

"Na mdomo uko wazi. Unaongea. Hata kwenye picha unaongea!" Kidole chake kikateremka kwenye ule mstari ambapo chokaa inakutana na masizi, polepole, paji, pua, mdomo, kidevu. Kikapanda, kikateremka tena. "Hapa pembeni mwa mdomo una mkunjo. Mama yako alikuwa nao hapa hapa. Umeupata lini?"

Nilikaa chini sakafuni, kwenye yale maji, mgongo ukiwa umeegemea kiti chake, na yeye akakaa, akaendelea kuitembeza ile karatasi juu ya jicho lake. Shangazi alileta chai, ikapoa. Mteja aligonga mbele, akagonga, akaondoka. Jua likahama kwenye dirisha, na kadiri lilivyohama ndivyo Baba alivyoisogeza karatasi, akilifuata, mpaka akawa amesimama ameegemea fremu, ameinyoosha mikono nje.

Hapo ndipo akashusha picha, akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu.

"Kiherehere."

"Bee, Baba."

"Kesho tupige nyingine," akasema. "Na utikise zaidi."

Nikainuka, nikaenda kuchanganya dawa.